Sentimita 7 za pembe

Jumapili niliyoipeleka besi yangu kanisani kwa mara ya kwanza, ibada ilichukua saa tatu na nusu. Katikati ya mapambio, mpiga solo ameshaingia kwenye sebene na kina mama wamesimama wanapeperusha leso, jasho likaanza kuniingia jichoni. Nikaiachia shingo kwa mkono wa kushoto, sekunde moja tu, nijifute. Kichwa cha gitaa kikashuka kama ndoo inayorudi kisimani, kikagonga stendi ya maikrofoni ya mwimbaji aliyekuwa kando yangu. Nikaidaka shingo, nikaendelea kupiga, na jasho nikaliacha liingie lilikotaka hadi pambio likaisha.

Usiku ule kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimekufa ganzi na kiwiko kinavuta. Nimepiga besi tangu nikiwa kidato cha pili, nyingi za kuazima, nzuri na mbovu, na sikuwahi kurudi nyumbani na mkono wa namna ile. Kazi ya mkono wa kushoto ni kubonyeza nyuzi na kuhama. Siku ile ulianza kubeba mzigo kwanza, muziki ukafuata, na masikio yangu yaliliona hilo kabla ya kiwiko: noti za freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) zilichelewa kidogo, na kila nilipotoka juu kurudi chini nilikuwa nimeikamata shingo kama mpini wa jembe.

Besi yenyewe niliitengeneza kwa mikono yangu, miezi minane, kwenye kibaraza cha nyumbani Temeke. Naieleza ilivyojengwa kwa sababu ugonjwa wake ulianzia kwenye mbao.

Mwili ni paini ya Mafinga, kutoka mashamba ya Sao Hill, mbao pana ya inchi mbili niliyoiranda hadi milimita 45. Niliichagua kwa sababu ni nyepesi na inapatikana ikiwa kavu. Shingo ni mninga. Ubao wa vidole ni mpingo, na huo niliutafuta kama mtu anayetafuta mchumba. Mpingo ni mti mgumu wa kusini kwetu, Kilwa na Lindi, ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za okestra huko Ulaya. Shida yake ni kwamba hukua umejipinda, kwa hiyo kipande kilichonyooka cha sentimita 70 si cha kuokota. Nilimpata mchongaji mmoja Mwenge aliyekuwa nacho, akanipasulia. Nilipokiranda hadi milimita 6 kikatoka cheusi, kinang'aa bila rangi wala vanishi, na vidole vinateleza juu yake kama juu ya kioo.

Lakini mpingo huzama majini. Ubao ule mwembamba, peke yake, kwenye mizani ya jikoni ulisoma gramu 310. Weka chini yake shingo ya mninga yenye chuma ndani, halafu funga kichwani vikaza nyuzi vinne vya kizamani, vile vyenye masikio makubwa kama ya tembo, gramu 105 kila kimoja. Upande wa pili weka mwili wa paini wa kilo 1 na gramu 700. Mtu yeyote aliyewahi kushika mizani angeona kinachokuja. Mimi sikukiona, kwa kuwa kwa miezi minane nilikuwa naitazama ikiwa imelala mezani, na mezani hakuna gitaa linaloanguka.

Vishikizo vya mkanda, yale matufe mawili madogo ya chuma ya kuchomekea mkanda, nilivifunga siku ya mwisho kabisa. Kimoja kwenye ncha ya pembe ya juu, ile sehemu ya mwili inayochomoza mbele kuelekea kichwani, kingine katikati ya mkia, yaani mwisho wa mwili. Dakika kumi, skrubu mbili. Hapo ndipo nilipokosea, na nimeshaona mafundi wengine wa gitaa za nyumbani wakipita njia ile ile: vishikizo vinaonekana kama pambo la mwisho, kumbe ndivyo vinavyoamua gitaa litakaaje mwilini mwa mtu.

Jumatatu nikaenda Keko kwa mzee seremala aliyenisaidia kuranda zile mbao. Karakana yake iko nyuma ya safu ya vitanda na makabati yanayopangwa barabarani, na yeye ndiye aliyenikopesha jiliwa na klampu bila kuniuliza nitazirudisha lini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Vipi, gitaa linaongea?”

“Linaongea, mzee. Ila linaniangukia. Nikiachia mkono, kichwa kinakwenda chini.”

Akaichukua, akaivaa mkanda kama mtu anayejaribu koti la mwenzake, akaachia. Kichwa kikaenda chini. Akakirudisha, akaachia tena. Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

“Umewahi kubeba mzega?”

Nikamwambia nimeona tu, sijabeba.

“Mimi nimebeba. Nilipofika mjini nilianza na maji, madebe mawili, mti begani. Sasa ukifika kwa mteja wa kwanza anataka nusu debe. Unammiminia kutoka debe la mbele. La nyuma limejaa, la mbele nusu. Unafanyaje uendelee na safari?”

“Nachota kutoka la nyuma nijazie la mbele?”

“Utasimama njiani kutwa nzima kuchota? Unausogeza mti. Bega linalifuata debe zito.” Akagonga ncha ya pembe kwa ukucha, pale kwenye kishikizo. “Sasa wewe hapa ndipo ulipoweka bega. Debe lako zito liko wapi?”

Nilirudi na swali hilo ndani ya daladala, na sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo tangu siku ile. Gitaa lililovaliwa ni mzega. Upande mmoja kuna kichwa na shingo, upande mwingine mwili na mkia, na mahali pa bega ni pale mkanda unapolishika. Kwa vile mkanda unashika sehemu mbili na kuteleza juu ya bega, hesabu yake ni ngumu kidogo kuliko ya mti wa maji, ila kanuni haibadiliki: kitovu cha uzito cha gitaa, ile nukta ambapo uzito wake unalingana pande zote, kitajitafutia njia ya kukaa chini ya bega. Kikiwa karibu mno na kishikizo cha mbele, au kikikipita kabisa kuelekea kichwani, gitaa halina namna ila kuinamisha kichwa hadi kitovu kile kifike kinakotaka kwenda.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kitovu kiko wapi, na hiyo unaifanya kwa uzi na chubwi. Nilinunua chubwi moja ya kuvulia samaki, nikaifunga kwenye uzi wa kushonea, ikawa timazi. Kwenye boriti ya kibaraza nikapigilia msumari. Nikalitundika gitaa kwa kamba fupi kutoka kwenye kishikizo cha pembe peke yake, nikasubiri litulie, halafu nikaning'iniza timazi kwenye msumari ule ule ili uzi upite mbele ya gitaa. Nilikuwa nimebandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi mwilini na shingoni, nikachora kwa penseli pale uzi ulipopita. Kisha nikaligeuza, nikalitundika kwa kishikizo cha mkiani, nikachora mstari wa pili. Mistari miwili inapokatana ndipo kilipo kitovu.

Kabla hata ya mstari wa pili nilikuwa nimeshaona tatizo. Besi iliyokaa sawa, ukiitundika kwa pembe ya juu tu, mkia hushuka na kichwa hupanda. Yangu ilining'inia karibu mlalo, na kichwa ndicho kilichokuwa chini kidogo. Mistari ilikatana shingoni, katikati ya freti ya 15 na ya 16. Nikapima kutoka kwenye kile kidaraja cha mfupa wa ng'ombe kinachotenga shingo na kichwa: kitovu kilikuwa sentimita 50 na nusu, ncha ya pembe sentimita 52. Yaani debe zito lilikuwa nje ya bega kabisa, upande wa kichwani. Hata ningekuwa na mkanda wa gundi lingeanguka.

Niliandika namba hizo ukutani kwa penseli. Bado zipo.

Hapa nataka kurudi nyuma kidogo, maana tatizo hili lina umri. Besi ya zamani haikuwa na mkanda. Kontrabasi husimama sakafuni kwa mchuma wake, na mpigaji huisimamia kama mtu anayezungumza na jirani. Ukienda Unguja kwenye taarab utaiona hivyo hadi leo. Ardhi ndiyo inayobeba. Mwaka 1951 Leo Fender, mtengenezaji wa gitaa wa Marekani, alipotoa besi yake ya Precision Bass, uzito ule ulihamia begani kwa mtu, na nyuzi zake zilikuwa na urefu wa inchi 34, yaani milimita 864, ndefu kuliko za gitaa la kawaida kwa zaidi ya inchi 8. Gitaa lake lililotangulia, lile ambalo leo tunaliita Telecaster, halina pembe ya juu. Mwili wake umekatika pale shingo inapoanzia. Kwa shingo ya besi mwili wa namna ile usingefaa. Ndipo Precision ikaota pembe ndefu inayochomoza mbele hadi karibu na freti ya 12, na kishikizo kikawekwa kwenye ncha yake. Gitaa lake la Stratocaster la mwaka 1954 lilikuja kufuata umbo hilo. Watu wengi wanadhani pembe ile ni urembo. Kwangu ni mti wa mzega ulioongezwa urefu.

Gibson, watengenezaji wengine wa gitaa wa Marekani, walikwenda njia nyingine. Besi yao ya EB-3 ya mwaka 1961 ina pembe fupi, na kishikizo chake cha mbele kiko mgongoni, pale shina la shingo linapoingia mwilini. Nyuzi zake ni fupi, inchi 30 na nusu, lakini bado wapigaji wake wanaijua tabia ya shingo kutaka kushuka. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ned Steinberger akalikata jambo kwa shoka: akatoa besi isiyo na kichwa, vikaza nyuzi vikahamia mkiani. Naiheshimu sana akili ile. Mtu alitazama debe zito akaliondoa.

Basi nilikuwa na njia tatu mbele yangu: kuongeza uzito mkiani, kupunguza uzito kichwani, au kusogeza vishikizo. Nilizijaribu zote, na nilianza na ile mbaya.

Chubwi zile za kuvulia ni risasi, nzito kwa umbo dogo. Nilizipanga ndani ya mfuko wa nailoni, nikazibandika mkiani kwa utepe, gramu 600 zote pamoja. Kitovu kikasogea karibu sentimita 6 kuelekea mwilini. Shingo ikatulia, si vizuri sana, lakini ikatulia. Nilifurahi kwa saa moja hivi. Halafu bega likaanza kuuma, kwa sababu besi iliyokuwa na kilo 4 na gramu 40 sasa ilikaribia kilo 4 na gramu 650, na ibada zetu haziishi kwa saa moja. Niliziondoa jioni ile ile. Nasema wazi: kubandika risasi mkiani ni kulipa deni kwa kukopa. Kama gitaa lako ni jepesi mno kwa ujumla, sawa, lakini usianzie huko.

Kupunguza kichwani ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kichwa kiko mbali, na kila gramu ya mbali ina nguvu. Niliagiza vikaza nyuzi vyepesi kutoka nje, gramu 60 kila kimoja, na nilisubiri wiki tano. Vinne vilipunguza gramu 180 kwa jumla. Kitovu kikahama kutoka sentimita 50 na nusu hadi 53. Nilipiga hesabu: kuhamisha kitovu kiasi hicho hicho kwa risasi za mkiani ningehitaji kama gramu 265 za kuongeza. Kwa hiyo tofauti kati ya njia hizi mbili, begani, ni karibu gramu 450, uzito wa karibu nusu kilo ya sukari unayoibeba au usiyoibeba kila Jumapili. Kisha nikachukua randa nikapunguza unene wa kichwa kutoka milimita 17 hadi 14 na kukata kingo zake, gramu nyingine 60 zikaanguka chini zikiwa maranda ya mninga. Kitovu kikafika sentimita 54.

Mpingo sikuugusa. Kuna mtu atasema ningeubandua ubao ule nikaweka mwepesi. Ningeweza. Lakini sauti ya noti inapoanza juu ya mpingo, ule ukali safi wa mwanzo kabla sauti haijajaa, ndiyo iliyonifanya nianze kujenga besi hii, na niliona ni haki mwili uinamie shingo kuliko shingo kuuinamia mwili.

Ikabaki sehemu ambayo sasa naiona ndiyo moyo wa jambo: kishikizo cha mbele kikae wapi hasa?

Sikutaka kukisia mara ya pili. Nilikata ubao wa plaiwudi wa milimita 9, upana vidole vitatu, urefu sentimita 30. Nikatoboa matundu kila baada ya sentimita 2. Ubao huo nikaubana juu ya pembe kwa klampu mbili, na vipande vya kitambaa katikati visikwaruze, ukachomoza mbele kama ulimi. Kishikizo nikakifunga kwa bolti na nati badala ya skrubu, ili nikihamishe tundu hadi tundu. Na mkanda nikatumia wa nailoni laini, ule unaoteleza, juu ya fulana ya hariri bandia ya mpira wa miguu. Hili ni muhimu. Mkanda wa ngozi wenye upande wa manyoya chini hung'ang'ania shati, na utakudanganya kwamba gitaa limekaa sawa. Nilitaka kuona gitaa lenyewe linataka nini.

Kila tundu nililipa muda wake. Nilisimama, nikaachia mikono yote miwili, nikatazama. Nikatembea hadi getini na kurudi. Nikainama kama mtu anayeokota waya. Nikapiga mstari wa besi wa wimbo mmoja mzima.

Jaribio la kwanza nililifanya kabla vikaza vipya havijafika, na lilinionyesha kwamba kishikizo kingepaswa kufika sentimita 38 kutoka kwenye kile kidaraja cha mfupa, yaani freti ya 10. Hiyo ni pembe ndefu kwa sentimita 14 zaidi. Sijui nani angetaka gitaa la namna hiyo. Lingekuwa na mkono wa tatu. Baada ya kichwa kupungua, ulimi ule wa plaiwudi uliniambia sentimita 42. Afadhali, lakini bado mbali.

Ndipo nikakumbuka kishikizo cha nyuma. Sote tunakiweka katikati kabisa ya mkia, kwenye mstari wa nyuzi, kwa mazoea. Nilikipandisha kuelekea ukingo wa juu, sentimita 2, kisha 4, kisha 6. Na kila nilipokipandisha shingo ilipanda kidogo. Ukikichora utaona kwa nini. Mstari unaounganisha vishikizo viwili ndio unaoning'inia kwenye mkanda. Ukiuinua upande wa mkia, mwili unalazimika kujizungusha kushusha mkia ili mstari urudi kwenye ulalo wake, na mkia ukishuka kichwa kinapanda. Zaidi ya hapo, kitovu cha uzito kinabaki chini zaidi ya mstari ule, na kitu kinachoning'inia chini ya kamba yake hutulia kuliko kile kilicho sambamba nayo. Kwa sentimita 6 za kupandisha, kishikizo cha mbele kilitosheka na sentimita 45, pale freti ya 13 ilipo. Nilijaribu 8 pia, lakini hapo mkanda ulianza kupita chini ya mkono wangu wa kulia ninapopiga, nikarudi kwenye 6.

Kuna zawadi nyingine ambayo sikuitafuta. Kishikizo cha mbele, ukilivaa gitaa, hukaa karibu pale pale kifuani kwako siku zote. Kwa hiyo ukikisogeza kuelekea kichwani kwa sentimita 7, gitaa zima huhamia upande wako wa kulia kwa sentimita 7, na freti ya kwanza inakusogelea kiasi hicho. Mimi si mrefu. Miaka yote nimekuwa nikilinyoosha bega la kushoto kufikia noti ya F ya chini, nikidhani ndiyo besi ilivyo. Kumbe shida nyingine ni mahali pa skrubu tu.

Nilijaribu pia kukiweka kishikizo mgongoni, nyuma ya shina la shingo, kama zile Gibson. Uso wa gitaa uliinama mbele, ukatazama sakafu, na ilibidi niuzuie kwa tumbo. Kuna wanaopenda hivyo. Mimi niliacha.

Sentimita 52 kufika 45: pembe iliongezwa sentimita 7. Kuunga kipande mbele ya pembe ambayo tayari imekatwa ni kazi ya kuogopesha kuliko ilivyo. Nilikata pembe mshazari mrefu, nikakata kipande cha paini ya ubao ule ule kwa mshazari unaolingana, nikatia vijiti viwili vya mninga ndani kama misumari ya mbao, gundi, klampu, siku nzima ya kukauka. Kisha patasi, tupa, msasa namba 80, 120, 240, hadi ukipitisha kidole macho yakiwa yamefumba huoni mpaka. Ukifumbua unauona. Mstari mwembamba wa mshazari, rangi tofauti kidogo. Sikuupaka rangi kuuficha.

Skrubu nayo ina hadithi. Kile kishikizo cha kwanza cha pembe kiling'oka siku ya mazoezi, Alhamisi moja kabla ya haya yote, na nililidaka gitaa kwa goti. Sababu ni kwamba ncha ya pembe ni mahali ambapo nyuzinyuzi za mbao zinaishia, kama mwisho wa fungu la mabua. Skrubu inayoingia sambamba na nyuzinyuzi hizo haishiki kitu, hasa kwenye mbao laini kama paini. Safari hii nilitoboa tundu la milimita 10 kukatiza pembe kutoka nyuma, nikalijaza kijiti kigumu cha mninga kwa gundi, ili skrubu ikiingia kutoka nchani ikutane na kijiti kile kwa kukikata, isipite kati ya mabua. Skrubu milimita 4 kwa 40, tundu la awali milimita 3, na meno ya skrubu nikayasugua kwenye sabuni ya mche yaingie bila kupasua. Chini ya kishikizo nikaweka duara dogo la mpira nililolikata kwenye kandambili iliyokufa, lisikwaruze mbao na liushike mkanda usichomoke.

Nilipomaliza nilirudia uzi na chubwi kwenye boriti ile ile. Kilo 3 na gramu 870. Nikalitundika kwa pembe peke yake, na mkia ukashuka, taratibu, kichwa kikapanda juu kuelekea paa, likasimama mshazari hivyo, limetulia. Mama yangu alikuwa anapita na sinia la mchele wa kuchagua. Akasimama, akalitazama, akaniuliza kama nimelinyonga. Nikamwambia, “Hapana mama, limepona.”

Jumapili ya tatu baada ya hapo nilipiga ibada zote mbili. Mapambio yalipopamba moto nilitoa leso mfukoni kwa mkono wa kushoto, nikajifuta uso mzima, paji hadi shingo, huku mkono wa kulia ukiendelea na uzi wa wazi wa A. Kichwa cha besi kilibaki pale kilipokuwa, juu kidogo ya bega langu. Mpiga ngoma aliniona, akacheka kwa furaha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiniona nikihangaika. Na ukinisikiliza kwenye rekodi ya simu ya siku ile, noti za freti ya kwanza zinaingia na ngoma, pamoja, kama mguu na kivuli chake.

Jumatatu nikaipeleka Keko. Mzee alinawa mikono kwanza, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akaachia mikono yote miwili, akasimama kama mtu aliye kwenye foleni. Shingo haikusogea. Akatembea hadi mlangoni, akageuka, akarudi. Hakusema lolote juu ya mzega. Aliinua pembe karibu na macho, akapitisha kidole gumba kwenye ule mshazari wa maungio, mbele, kisha nyuma, akasimama mahali pamoja.

“Hapa gundi imevuja kidogo,” akasema. “Niletee ule msasa mwembamba.”